Ndege zilale ndani

Fika uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, saa kumi na mbili asubuhi. Utamkuta fundi juu ya ngazi akiivua Cessna Caravan turubai lililolowa umande. Anachomoa kizibo kwenye kijibomba cha kupimia mwendo wa ndege, anamulika tochi ndani. Anatafuta udongo wa nyigu. Mdudu yule akiwahi kujenga humo, rubani anaruka na mshale unaomdanganya.

Mali ya mabilioni ya shilingi inalindwa kwa turubai na kizibo! Jua linakausha mipira ya milango na kufubaza vioo. Masika ikishuka, kazi ya injini inasimama. Mfugaji wa hapo hapo Kisongo halazi ndama nje.

Ukiuliza kwa nini mahanga, yaani mabanda ya ndege, ni machache, unaambiwa fedha. Hatukubali. Caravan ina mabawa ya karibu mita 16 na kimo kisichofika mita 5. Banda lake ni nguzo za chuma, mabati na sakafu ya zege. Mafundi wanaojenga maghala ya mahindi wanaiweza kazi hiyo.

Kikwazo ni karatasi. Ardhi ya uwanja ni ya umma, haiuzwi, na ni sawa kabisa. Lakini mkataba wa kuikodi ukiwa wa miaka michache, nani atamwaga zege? Benki gani itamkopesha? Halafu kuna mzunguko wa vibali: mamlaka ya uwanja, wasimamizi wa usafiri wa anga, mazingira, halmashauri, zimamoto. Dirisha hili linasubiri barua ya dirisha lile.

Suala la urefu wa jengo linatajwa kama fumbo, na ni hesabu ya darasa la saba. Kwa uwanja wa ndege wa ukubwa huu, kanuni za kimataifa zinataka paa lisivuke mstari unaopanda mita 1 kwa kila mita 7, kuanzia ukingo wa ukanda wa usalama wa njia ya kurukia. Hanga la kimo cha mita 8 likae mita 56 au zaidi kutoka ukingo huo. Basi.

Mwenye uwanja apime safu nzima ya viwanja vya mahanga, achomeke vigingi, aombe kibali cha urefu na cha mazingira kwa safu yote mara moja. Kisha akodishe kila kiwanja kwa miaka 25, kodi na nyongeza zake ziandikwe mapema, na mkataba ukiisha jengo libaki la umma.

Wapo wanaohofia upanuzi wa uwanja. Safu ichorwe upande ambao ramani ya upanuzi haiugusi. Wengine wanahofia walanguzi, na hofu yao ni ya kweli. Asiyesimamisha nguzo ndani ya miezi 18 anyang'anywe kiwanja, apewe anayefuata kwenye foleni.