Kuku Naye Apewe Pa Kulala

Magharibi iingiapo, kuku wa kienyeji aliyeachwa huru hutafuta tawi la kulalia. Hiyo ndiyo asili yake, kwani wazazi wake wa kale ni kuku wa mwitu wa misitu ya Asia, ambao hulala mitini kwa kuwaogopa wanyama walao nyama. Basi twauliza: yule kuku afugwaye uani hapa Msamvu, katika mji wa Morogoro, amepewa nini badala ya tawi?

Wako wafugaji wanaomfungia katika banda lenye sakafu tupu, akalala juu ya kinyesi chake. Unyevu humchubua nyayo, na hewa kali ya kinyesi humwasha macho na kifua. Kuku dhaifu naye hana pa kuwakimbia wenzake wamdonoao.

Twaijua hoja ya wafugaji: mjini kuna wezi na vicheche, kwa hiyo kuku hana budi kufungiwa. Na afungiwe, lakini mlango kufungwa hakuzuii fito kuwekwa ndani. Kuku mmoja ahitaji nafasi ya sentimita 15, kwa hiyo kuku 20 watatosheka na fito za mita 3 tu. Fito hizo ziwe laini, ziachane sentimita 30, wala zisiwe juu mno, kwani kuku aangukaye huweza kuvunjika mfupa wa kidari. Vifaranga wazoeshwe mapema, kabla ya kutimiza majuma manne. Kuku wa nyama, kwa kuwa ni mzito, awekewe kichanja cha chini.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilikomesha vizimba vitupu vya kuku wa mayai mwaka 2012, na huko fito ni sharti la sheria. Sisi nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria haijengi banda. Lajengwa na mikono ya mwenye kuku. Kwa hiyo twawaomba maafisa mifugo, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo papa hapa Morogoro, wapite katika nyua za Msamvu wawaonyeshe watu jambo hili kwa vitendo.

Twala mayai ya kuku, twauza nyama yake, na kwa fedha hizo twasomesha watoto. Kumnyima kipande cha mti cha kulalia ni kukosa shukrani. Shime, ndugu wafugaji: jua la leo lisichwe kabla kuku hajapata fito yake.