Akiba Haiozi, Lakini Embe Huoza

Wasomaji, mtu akipita njia za Ukambani mwezi wa Januari, tangu Machakos mpaka Makueni, ataona jambo la kusikitisha. Chini ya miembe mingi yamelala maembe yaliyopasuka, na nzi wamejaa. Mwenye shamba asema, "Bei ni mbaya, na mnunuzi hakuja." Miezi michache baadaye bwana huyo huyo anunua matunda sokoni, moja moja, kwa bei kubwa. Na kunde ni vivyo hivyo. Mvua ya Novemba huleta majani mengi hata mbuzi wakapewa, lakini ifikapo Agosti bibi yake atembea mbali kutafuta fungu moja la mboga.

Watu wengi wadhani dawa ya shida hii ni kiwanda. Kiwanda ni kitu chema, na watu wa Makueni walipata chao cha matunda huko Kalamba mwaka 2017. Lakini kiwanda hakiwezi kupita kila boma kuokota maembe yaliyoanguka, wala hakikaushi majani ya kunde ya bibi yako. Maoni yangu ni haya: kukausha chakula na kukiweka nyumbani ni kazi ya kilimo kama vile kupalilia, nayo yapaswa kuheshimiwa, kufundishwa na kuhesabiwa.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliidharau. Mama yangu alikuwa na desturi ya kukausha majani ya kunde kila mwaka. Nilipotoka chuo cha ualimu nilimwambia asiwapikie wageni wangu kunde kavu, maana niliona haya. Alinyamaza. Mwaka 2022, mvua zilipokosa tena na mboga zikapanda bei, alituletea mfuko mzima wa kunde zile zile. Tulizila kwa wiki nyingi, na hapana mtu nyumbani mwangu aliyeona haya.

Msimu wa maembe uliofuata nilitaka kukausha maembe yangu. Nilidhani mtu aliyesoma hana haja ya kuuliza. Nilikata vipande vinene, nikavitandaza juu ya bati, na baada ya siku mbili nikavifunga katika mkebe. Haikupita muda vikaota ukungu, nikavifukia vyote shimoni. Mama hakunicheka. Alisema tu, "Kazi hii nayo ina shule yake, mwanangu."

Basi masomo ya shule hiyo ni haya. Majani ya kunde yachaguliwe yasiyo na wadudu, yaoshwe, kisha yachovywe katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3. Yatandazwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu rangi na kupunguza vitamini A. Yakikauka vizuri huvunjika mkononi. Embe nalo liwe limeiva lakini halijalegea. Likatwe vipande vyembamba, kama nusu sentimita, vyote vya unene mmoja. Viwekwe juu ya kichanja cha wavu kilichoinuliwa kutoka chini, na kufunikwa ili nzi wasitue. Kipande kilichokauka hupindika kama ngozi, wala hakitoi maji ukikiminya. Kilo 10 za maembe hutoa karibu kilo 1 tu, basi usishangae ukiona rundo limekuwa dogo.

Msidhani kosa la kuweka chakula kabla hakijakauka ni dogo. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yenye unyevu yaliota kuvu iletayo sumu ya aflatoksini. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Njia rahisi ya kujaribu mahindi ni kuyatia katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, kisha kutikisa. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi hayajakauka, yarudishwe juani.

Wako wasemao kwamba hivi ni vyakula vya maskini. Nawauliza: mursik ni chakula cha maskini? Wakalenjin huyagandisha maziwa yao katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalum, na mkimbiaji arudipo na ushindi kutoka ng'ambo hukaribishwa kwa maziwa hayo mbele ya watu wote. Watu wa Pwani hutia embe bichi chumvi na pilipili wakafanya achari, nao huwaandalia wageni wao. Hao hawaoni haya. Sisi twaona haya ya nini?

Katika madaftari ninayojaza ofisini iko safu ya ekari, iko ya magunia, iko ya ng'ombe. Hapana safu ya chakula kilichokaushwa na akina mama. Kwa hiyo kazi ya mama yangu miaka yote hiyo haikuandikwa popote, hata na mimi mwanawe niliyeshika kalamu. Naomba mabwana shamba wafikapo bomani wasiishie shambani, bali waulize habari za jikoni na ghalani pia. Naomba akina baba wenye nyundo na misumari waunde vichanja, wasiseme hiyo ni kazi ya wanawake. Na watoto wawapo likizoni Novemba na Desemba, wakae karibu na nyanya zao wajifunze, maana mwalimu huyu hatakuwapo siku zote.

Wazee walisema akiba haiozi, na walisema kweli. Lakini hawakusema kwamba akiba hujiweka yenyewe.