Ripoti chini ya godoro

Mwaka jana shule zilipofungwa Juni, nilimuuliza kijana wangu wa darasa la tano ripoti iko wapi. Akajibu, "Mwalimu hajatoa, baba." Siku ya tatu mama yake alipokuwa akitandika kitanda, akaikuta chini ya godoro, imekunjwa mara nne. Hesabu alipata 34.

Nilikuwa tayari kumpa somo juu ya uongo. Mama yake akanishika mkono, akamuuliza mtoto kwa upole kwa nini aliificha. Akasema, "Baba atanitajia tena binamu." Nilinyamaza. Ni kweli, kila ripoti ilipokuja, jina la binamu yake lilitangulia kutoka kinywani mwangu.

Jioni ile nilifungua Wakolosai 3:21. Ni mstari mfupi sana. Paulo anawataka akina baba wasiwachokoze watoto wao, na anatoa sababu: watoto wasije wakavunjika moyo.

Tuutazame vizuri. Mstari unaotangulia unawaagiza watoto kuwatii wazazi, na huo wengi wetu tunaujua kwa moyo. Lakini Paulo hakuishia hapo. Aliandika akiwa kifungoni, katika dola ambayo sheria yake ilimpa baba raia wa Kirumi mamlaka juu ya mwanawe hata mwana huyo akiwa mtu mzima. Kumwambia baba wa zama hizo kwamba moyo wa mtoto una uzito lilikuwa jambo kubwa.

Akina mama nao wasikae pembeni. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapa "akina baba" ndilo linalotafsiriwa "wazazi" katika Waebrania 11:23, panapotajwa wazazi wa Musa.

Na hilo neno la kuchokoza lina jambo la kutufundisha. Paulo analitumia pia katika 2 Wakorintho 9:2, lakini huko ni kwa wema: bidii ya Wakorintho iliwachochea wengine kutoa. Kwa hiyo mzazi anaweza kumchochea mtoto ainuke, au kumchokonoa mpaka akate tamaa. Wakati mwingine kinachotofautisha ni maneno mawili matatu tu.

Je, mstari huu unakataza kumkanya mtoto? La. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na ni kweli. Lakini hata samaki mbichi ukimkunja kwa pupa anakatika. Kipimo anachotupa Paulo ni kile kinachobaki moyoni mwa mtoto baada ya kukanywa. Mtoto aliyekanywa vizuri anajua kosa lake na anaona njia ya kulirekebisha. Aliyevunjika moyo anaona hata akijitahidi ni bure, na hapo ndipo anapoanza kuficha. Leo ni ripoti. Kesho ni mtu mzima anayemsumbua njiani, na wewe mzazi hutaambiwa.

Kwetu tulianza na mambo matatu. Kwanza, kosa moja linasemwa mara moja, halafu limekwisha. Halirudishwi mezani wakati wa chakula wala mbele ya wageni. Pili, mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe: muhula uliopita alipata ngapi, sasa ngapi, wapi amekwama. Tatu, mzazi akikosea anaomba radhi. Hili la tatu lilinishinda siku mbili. Mwishowe nilikaa naye barazani nikamwambia, "Mwanangu, nilikuumiza kwa kukulinganisha. Nisamehe." Aliangalia chini, akasema, "Sawa, baba." Hakuongeza neno. Suala la uongo tulilizungumza baadaye, na safari hii alisikiliza.

Muhula uliofuata alipata 41. Bado si alama za kujivunia, na hesabu tunaendelea kuhangaika nazo pamoja kila Jumamosi. Lakini ripoti aliileta mwenyewe mkononi, kabla sijauliza.

Wiki hii, mzazi mwenzangu, hebu jisikilize. Ni sentensi gani unamrudia mwanao kila anapokosea? Ukiipata, ipumzishe kwa siku saba, kisha uone kama ataanza kukusogelea.