Tupeni Namba za Rimoti

Zile rimoti za TV zote zinazouzwa Luthuli Avenue huja na karatasi iliyokunjwa mara nne, maandishi yake madogo kama mayai ya chawa. Wengi huitupa pamoja na plastiki. Na hiyo ndiyo roho ya pakiti nzima, kwa sababu imebeba namba: jina la kampuni, halafu tarakimu tatu au nne mbele yake. Bila hizo namba umenunua plastiki na vitufe. Ukiwa nazo, TV inakutii.

Hoja yangu ni fupi. Ukishalipia kifaa, namba za kukiamuru ni zako. Kampuni inayokuficha hizo namba, au inayotengeneza kifaa kisichosikia rimoti nyingine ila yake, imekuuzia nusu ya bidhaa na kubaki na nusu.

Wasee hudhani kuna uchawi hapa. Hakuna. Rimoti ya kawaida ina taa ndogo pale mbele inayotoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Washa kamera ya simu, mara nyingi ile ya selfi ndiyo huuona vizuri, elekeza rimoti kisha bonyeza: utaona nukta ikimetameta. Mwanga huo hupigapiga kama mara 38,000 kwa sekunde, ukikatwa vipande virefu na vifupi. Hivyo vipande ndivyo namba. Katika mtindo mmoja unaotumika sana, wa kampuni ya NEC ya Japani, ujumbe una mambo mawili tu: anwani ya kifaa, na amri. Wewe TV, ongeza sauti. Basi. Kuna siri gani hapo ya kufungiwa kabatini?

Ndiyo maana kuiprogramu ni kazi ya dakika chache. Rimoti hutofautiana, lakini nyingi ziko hivi: washa TV kwa mkono, shikilia SET mpaka taa ikae imewaka, ingiza namba ya kampuni, ngoja taa izime. Jaribu sauti, jaribu menyu. Kama inazima TV lakini sauti inagoma, namba hiyo inafanana tu na yako. Nenda kwa inayofuata. Jina la TV yako halimo kwenye karatasi? Iache rimoti itafute yenyewe, ipite namba moja baada ya nyingine, na TV ikiitika tu, hifadhi hapo hapo. Halafu kuna zile za kunakili: unaziweka mbili uso kwa uso, ya zamani inaifundisha mpya kitufe kwa kitufe.

Mtasema haya ni mambo madogo. Madogo kwa nani? Tangu mitambo ya analogi izimwe nchini mwaka 2015, nyumba nyingi ziliongeza dekoda, na dekoda ikaja na rimoti yake. Ongeza wufa, hiyo ni ya tatu. Sasa shosho, mwenye nyumba na mwenye TV, anangoja mjukuu atoke shule ndio aone habari. Rimoti moja iliyopangwa vizuri inamrudishia TV yake.

Na historia iko upande wetu. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith kule Marekani ilitoa rimoti ya Space Command, iliyosanifiwa na Robert Adler. Ukibonyeza, kinyundo kilipiga kijiti cha alumini, kikatoa sauti ambayo sikio haliisikii lakini TV inaisikia. Haikuhitaji hata betri. Mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitoa rimoti ya CORE iliyojifunza namba za rimoti nyingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Huo ndio ulikuwa mwelekeo: mnunuzi kwanza.

Kisha usukani ukageuzwa. Rimoti za Harmony za Logitech zilipangwa kupitia kompyuta za kampuni yenyewe. Mwaka 2021 kampuni ikatangaza haitengenezi tena, ila itaendelea kuwahudumia walio nazo. Sawa, lakini ona hali ilivyo: rimoti umelipia, iko mkononi mwako, na bado unaishi kwa ahadi. Leo vijiti vingi vya kustrimu havina hata jicho la infraredi. Rimoti yake ikipotea, unaambiwa pakua apu.

Apu! Apu inataka simu janja, inataka akaunti, na kijiti na simu lazima viwe kwenye waifai moja. Ukitoka, simu inatoka na wewe, na waliobaki nyumbani wanaangalia kioo cheusi. Wanaojitetea kwamba Bluetooth ni salama zaidi na haihitaji kuelekezwa, ni sawa, wekeni Bluetooth. Lakini msizibe ule mlango wa zamani. Jicho la infraredi ni kipande kidogo na cha bei rahisi.

Hili si ombi la hisani. Ibara ya 46 ya Katiba yetu inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Namba za rimoti ni nini kama si habari hizo? Basi zichapishwe nyuma ya kila TV na kila dekoda, pale pale kwenye kibandiko cha volti, kwa maandishi yanayosomeka. Na duka likikuuzia TV, uliza kabla ya kutoa doo: hii inasikia rimoti gani nyingine? Muuzaji akizubaa, vuka barabara, uliza duka la pili.

Na ile karatasi, usiitupe. Ibandike nyuma ya TV kwa selotepu.