"Nitajaribu" Si Jibu

Mwaka jana nilikutana na marafiki zangu watano wa tangu chuoni mara nne tu. Mara tatu ilikuwa msibani, na ya nne ilikuwa katika harusi ambayo muziki wake haukumruhusu mtu kumsikia jirani yake. Miaka ishirini ya urafiki imeishia kupeana mikono chini ya turubai na kuahidiana kwamba "tutafutane". Hatutafutani.

Ndipo mwezi Februari nikawaandikia pendekezo ambalo najua liliwachekesha: tuanzishe kikundi cha mchezo wa kuigiza wahusika mezani. Kwa msomaji asiyeufahamu, maelezo mafupi yatatosha. Mmoja huwa msimulizi, naye huieleza dunia: mto umefurika, daraja limekatika, ng'ambo kunafuka moshi. Wengine, kila mmoja na mhusika wake, huamua wahusika hao wafanye nini. Panapokuwa na mashaka, dadu hutupwa. Kwa kawaida hakuna mshindi, na hadithi haimaliziki siku moja. Huachwa ilipofikia hadi kikao kijacho. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kabla ya hapo Arneson alikuwa akicheza na rafiki zake katika miji ya Minneapolis na Saint Paul, na ni huko huko nami niliufahamu nikiwa mwanafunzi, katika majira ya baridi ambayo yangenishinda lau nisingekuwa na meza ya kuiendea kila Ijumaa.

Majibu ya wenzangu yalifika upesi. "Wazo zuri, Dokta." "Nitajaribu." "Mambo yakitulia." Mmoja aliweka dole gumba, na mpaka leo sijui lilimaanisha nini. Siku ya kwanza walifika wawili. Siku ya pili alifika mmoja, naye alikuja kurudisha jenereta.

Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna muda. Naikataa. Watu hawa hawa niliwaona wakihudhuria kamati ya harusi kwa miezi mitatu, juma hadi juma, pamoja na mwenyekiti, katibu na mweka hazina wake. Foleni ya Mbezi ilikuwepo. Watoto walikuwa na homa zao. Bado walifika, kwa kuwa jina la asiyelipa ahadi yake lingesomwa mbele ya watu. Muda upo. Kinachokosekana ni imani kwamba kukaa pamoja bila kuchanga, bila kuzika na bila kupanga biashara ni jambo linalostahili kuwekewa siku.

Hili ni suala la kisiasa, na sisemi kwa mzaha. Tumelelewa katika lugha ya maendeleo inayompima mtu mzima kwa anachozalisha, na hata mapumziko tunayahalalisha kwa hoja kwamba yatatufanya tufanye kazi vizuri zaidi Jumatatu. Mchezo tumewaachia watoto. Wazee wa bao pale kijiweni tunawaita wavivu, huku tukiwapita na vioo vya magari vimepandishwa. Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, alitetea mwaka 1938 hoja kwamba mchezo umeutangulia utamaduni. Wasomi wenzangu humtaja katika makala zao, kisha huona haya kukutwa wameshika dadu.

Hata hivyo, sitakuwa mkweli nikiishia hapo. Rafiki yangu mmoja, mhasibu na mama wa watoto watatu, alinipigia simu. "Kaka," akaniambia, "kwenye kikoba nikichelewa napigwa faini. Kwako nikichelewa, nani ananidai? Halafu umeweka Jumamosi saa moja usiku. Nani anapika?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaomba watu wafunge ahadi ya mwaka mzima, nikawatumia kitabu cha kanuni chenye kurasa zaidi ya 300, nikapanga saa inayomfaa mwanamume anayetengewa chakula mezani. Kisha nikajiona mimi ndiye niliyesalitiwa!

Basi tukabadili. Tunakutana Jumapili saa tisa alasiri, watoto wanakuja nao na uwanja ni wao. Pilau tunapika sisi wanaume. Mara moja tumeiunguza. Ahadi ni ya vikao vinne tu, na baada ya hapo kila mtu yuko huru. Kanuni zimeandikwa ukurasa mmoja. Hadithi inafanyika katika bandari ya kubuni inayofanana na Kilwa, na badala ya kuwahadithia historia yake niliwauliza swali moja tu: mhusika wako anadaiwa na nani? Mhasibu akajibu papo hapo kwamba yeye ni nahodha wa jahazi ambalo si lake. Tangu siku hiyo hajakosa.

Lakini yupo aliyeendelea na "nitajaribu". Neno hili ni baya kuliko "hapana". Barazani kwenye bao usipofika, mwingine atakaa mahali pako. Hapa hakuna wa kukaa. Mhusika wake ndiye aliyeachwa na ufunguo wa ghala, nasi tukamsubiri saa moja na nusu huku pilau ikipoa. Nikapendekeza, na wenzangu wakakubali, kwamba kuanzia sasa tunaanza saa tisa na nusu na waliopo. Mhusika wa asiyefika atalala jahazini, na ufunguo atapewa mwingine. Mmoja wetu aliona huo ni ukatili. Mimi naona ukatili ni kumwadhibu aliyewahi kwa ajili ya aliyechelewa, kama tunavyofanya katika mikutano yetu ya hadhara, ambako wananchi huitwa saa tatu asubuhi ili wamsubiri mgeni rasmi wa saa sita. Anayesema "hapana" namheshimu, na msibani tutaendelea kushikana mikono kama zamani.

Kikao cha nne ni Jumapili ijayo. Jahazi limekwama mchangani, maji yanakupwa, na wanaomdai nahodha wameonekana ufukweni. Viti viko sita. Wawili kati yenu husoma ukurasa huu na mnajijua. Nijibuni kwa neno moja kabla ya Ijumaa, maana mchele unanunuliwa Jumamosi.