Zamani Tamu Ilikuwa ya Nani?

Ipo itikadi iliyotia mizizi katika miji hii ya Mlima Kenya, kuanzia Karatina hadi Nanyuki, ambayo husemwa kwa yakini kubwa hata ni nadra kumpata mtu wa kuipinga: kwamba maisha ya zamani yalikuwa matamu, yenye staha, udugu na utulivu, na kwamba vijana wa leo, walioinamia simu zao, wamezaliwa baada ya wema wote kwisha duniani. Hapa Chaka utaisikia katika vibanda vya nyama choma kando ya barabara kuu ya Nanyuki, utaisikia matangani, utaisikia katika redio zetu za Kikuyu zinapopiga nyimbo za miaka ya 1970 na kuwauliza wasikilizaji wanakumbuka nini. Nami nasema kwamba itikadi hiyo ni batili, tena si batili ya kupuuzwa, maana ndani yake mna dhuluma.

Sikanushi utamu wa vitu vyenyewe. Mtoto aliyekimbiza ringi ya baiskeli kuukuu kwa kijiti katika vumbi la Kieni, eneo letu hili, alifurahi furaha ya kweli, na kadhalika mvulana aliyeunda gari la waya, na msichana aliyecheza kati kwa mpira wa matambara yaliyokazwa kwa kamba. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, na ambayo watu wazima wa leo hulikumbuka hata umbo la pakiti zake za pembe tatu, yalikuwa hisani kubwa kwa watoto wengi waliofika darasani bila kutia kitu tumboni. Ninachokanusha ni hukumu inayojengwa juu ya mambo hayo, kwamba maadamu utoto wetu ulikuwa mtamu, basi zama zetu zilikuwa njema. Mtoto hulala akabebwa, huamka akakuta uji umekwisha kupikwa, wala hajui nani aliyekesha. Na maziwa yale yale yalinywewa na watoto ambao baada ya siku chache walirudishwa nyumbani kwa sababu wazazi wao hawakuwa na pesa za ujenzi wa shule, na wengine hawakurudi tena. Elimu ya msingi bila malipo, kwa madarasa yote manane, ilikuja Januari 2003, na fimbo ya mwalimu ilipigwa marufuku mwaka 2001. Wanaosema kwamba shule za kale zilifunza adabu aghalabu ni wale waliofika mwisho wa shule hizo.

Chukua redio, kipenzi cha kumbukumbu zote. Iliwekwa juu ya kabati, ikavikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na kitufe chake hakuna aliyekigusa ila baba. Betri zilipochoka zilitolewa zikaanikwa juani, au zikasogezwa karibu na moto, na mwenye meno imara akazing'ata kidogo ili zitoe nguvu yao ya mwisho, yote haya ili taarifa ya habari isikosekane, au kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966 na kupendwa nchi nzima. Jamaa yote ilikusanyika, husema wasimulizi, ikasikiliza jambo moja kwa pamoja. Naam, ilisikiliza jambo moja kwa kuwa la pili halikuwapo: redio ya Sauti ya Kenya ilikuwa chombo cha serikali, na mwanasiasa J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, wimbo ambao mwanamuziki Joseph Kamaru alimtungia ulinyimwa nafasi katika redio hiyo. Utulivu unaosifiwa sebuleni mwa siku zile ulikuwa kwa sehemu kubwa utulivu wa watu waliojua yapi hayasemwi mbele ya jirani. Na hiyo jamaa yote ni ipi, ilhali mama alikuwa jikoni, katika banda jingine kabisa, akipokea sauti ya redio vipande vipande kupitia ubao wa ukuta, huku akipuliza kuni mbichi?

Hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Kieni imekaa baina ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na mawingu hutua mzigo wao milimani kabla ya kuifikia, hivyo maji hayajapata kuwa jambo jepesi katika nchi hii. Wazee waliokaa chini ya mti wakicheza giuthi, bao la Wakikuyu, alasiri nzima, ambao picha yao huoneshwa kama kielelezo cha maisha yasiyo na haraka, walikunywa maji yaliyopanda kutoka mtoni juu ya mgongo wa mwanamke. Mtazame bibi yeyote wa umri wa miaka themanini sokoni Chaka, naye akisogeza kitambaa cha kichwa utaona kipajini mwake mfuo mpana, umeingia ndani kama uliochongwa. Hapo ni mahali pa mukwa, ukanda wa ngozi uliobeba pipa la maji na mtumba wa kuni tangu alipokuwa msichana mdogo. Tafrija ya mume iliandikwa katika mfupa wa mke. Leo mtu akimwuliza bibi huyo kama angependa siku zile zirudi, ajiandae kusikia jawabu lisilofaa kupigiwa muziki.

Na wanaosifu ujirani wa kale, nyumba kukaribiana na watu kujuana, wakumbuke kwamba wengi waliokua Nyeri katikati ya miaka ya 1950 walikaribiana kwa amri. Tangu 1954, katika Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakatiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha, wasitoke usiku, na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwakatia wapiganaji wa Mau Mau chakula. Hadithi za sungura na fisi zilisimuliwa humo, nazo zilikuwa nzuri. Ila aliyesimulia alikuwa haruhusiwi kufungua mlango. Ama ardhi ya Kieni yenyewe, sehemu yake kubwa ilikuwa mashamba ya walowezi, na baba zetu waliikanyaga wakiwa vibarua wenye kipande, ile hati ya kazi ya kikoloni.

Kuna pia kundi ambalo haliwezi kamwe kuhudhuria mazungumzo haya. Uchunguzi wa afya wa mwaka 1989 ulionesha kwamba nchini kote, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, karibu 90 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 uliwahesabu 41. Kati ya nyakati hizo mbili Ukimwi ulipita, hesabu ikapanda tena kabla ya kushuka, na hata hiyo 41 ni nyingi. Walakini anayesema kwamba sisi tulicheza tope, tukanywa maji ya mto na hatukudhurika, anasema kwa niaba ya waliobaki, na wale wengine, ambao kila nyumba ya kale iliwajua kwa majina, amewafuta.

Sitaki kijana wa Chaka aambiwe kwamba simu yake haina madhara, maana kamari iliyomo ndani yake inawamaliza wengi, na jambo hilo lastahili vita vyake lenyewe. Lakini vita hivyo havipiganwi kwa kumlaumu kuwa hakuzaliwa 1960. Kijana huyu humpelekea mama yake pesa kwa dakika moja, ambapo babake alimpa utingo wa basi bahasha akaomba Mungu ifike, humpigia daktari, husikia habari ambazo hakuna waziri aliyezipitisha. Wazee wanaolia kwamba giuthi inakufa hawana wa kuwazuia: udongo upo, kokoto zipo, mashimo ya safu mbili huchimbika kwa dakika chache pembeni mwa soko letu, na vijana wanaosubiri abiria wa matatu wana muda wa kufundishwa. Nimesubiri kuona mzee mmoja tu kati ya walalamikaji akiinama kuyachimba.