Kalamu ya Askari na Damu ya Mke

Usiku mmoja wa kusi, miaka si mingi iliyopita, binti wa jirani alinigongea mlango. Jicho limefumba kwa uvimbe, buibui amelivaa upande. Nikamsindikiza kituoni, kituo gani, sitakitaja. Askari wa zamu alimtazama, kisha akanigeukia mimi: "Ni mumewe? Basi, mzee, si mkawasuluhishe nyumbani?" Kitabu cha OB kilikuwa mbele yake, hakukifungua.

Tangu hapo najiuliza: je, lau sheria ingemlazimisha askari yule, angefanya vingine?

Marekani wamekwisha kulijaribu. Jimbo la Oregon lilitangulia mwaka 1977 kutunga sheria ya kumlazimu askari kumkamata mpigaji. Uchunguzi wa mji wa Minneapolis, uliotangazwa mwaka 1984, ulionyesha kuwa waliokamatwa walirudia kupiga kwa uchache kuliko walionasihiwa tu au kuondoshwa nyumbani kwa muda. Majimbo mengi yakafuata.

Walakin tazama yaliyotokea Castle Rock, katika jimbo la Colorado. Jessica Gonzales alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe, na nyuma ya karatasi ile askari waliagizwa kumkamata mwenye kuivunja. Tarehe 22 Juni, 1999, mume aliwachukua binti zao watatu walipokuwa wakicheza nje. Mama akapiga simu polisi. Akaambiwa angoje hadi saa nne za usiku. Saa nne akapiga tena. Ngoja hadi saa sita. Baada ya saa sita akenda mwenyewe kituoni. Askari akaandika maelezo yake, kisha akaenda kula. Alfajiri mume alifika kituoni akifyatua risasi, akauawa. Watoto wote watatu walikutwa ndani ya gari lake wamekufa.

Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, majaji saba kwa wawili, iliamua kuwa mama yule hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai amri ile itekelezwe. Ati hata sheria isemapo askari "atakamata", mazoea ya siku nyingi humwachia hiari yake. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitamka kuwa Marekani ilimkosea yeye na wanawe. Lakini watoto walikwisha kuzikwa.

Wapo wasemao kukamata kwa lazima nako kuna madhara, na hawasemi upuuzi. Huko Milwaukee ilionekana kuwa mume asiye na kazi, akikamatwa, huweza kurudi na ghadhabu zaidi. Tena askari mvivu, akiona alama za kucha kwa mume, huwakamata wote wawili, mpigaji na mpigwa.

Kwa hiyo mimi sidai kila mume apigwe pingu papo hapo. Nadai kalamu. Sheria yetu ya mwaka 2015 yamtaka askari amweleze mlalamishi njia za msaada zilizopo. Basi na aandike alichokiona, ampeleke hospitali, na asipokamata aandike kwa nini, atie na jina lake. Hiari isiyoandikwa haiulizwi na mtu.

Nasi Waislamu twapenda sulhu, na ni kheri. Qurani imetuagizia wapatanishi wawili, mmoja wa upande wa mume, mmoja wa upande wa mke, pakihofiwa mfarakano. Hao ni jamaa, wanaijua nyumba. Askari si hakamu wa ndoa ya mtu, wala ngumi ya jicho si mfarakano.

Binti yule sasa yuko kwa mamake. Jicho lile haoni nalo vizuri. Mwaka jana wakili alimwuliza nambari ya OB ya usiku ule, akanitazama mimi.